Mifupa ya Kuchujia Maji

Juzi mwanamke mmoja kanisimamisha katikati ya soko, nyanya zangu mkononi, akaniuliza: "Mama Vipimo, eti maji ya bomba ukiyachemsha mara mbili yanakuwa safi mara mbili?" Nimestaafu, jamani! Miaka yote hiyo nimepiga kelele juu ya jambo hilo hilo, kwenye mikutano ya mitaa, kwenye kliniki za watoto, hata kanisani baada ya matangazo, na bado limenifuata mpaka kwenye fungu la nyanya.

Basi ninyi vijana mliobaki ofisini, mlionikaba siku ya kuniaga niandike "uzoefu wangu", haya, naandika. Vyeo sitavitaja. Vilikuja kwa kuchelewa na havikunifundisha kitu. Mshahara ndiyo kabisa, mnaujua wenyewe. Nitaandika kuhusu maji ya bomba na namna watu wanavyoyahangaikia nyumbani, na hasa kuhusu nyumba moja ya mtaa wa Somanda iliyonizeesha kabla ya wakati wangu.

Nilianza kazi Bariadi ikiwa bado ni wilaya ya Mkoa wa Shinyanga, na Simiyu kwetu lilikuwa jina la mto tu. Mimi ni mtu wa Binza, Maswa. Niliripoti asubuhi nikiwa nimevaa viatu vya kisigino, nikidhani maabara ni mahali penye vigae vyeupe. Kumbe ni chumba kimoja nyuma ya stoo ya mabomba, kina meza moja, dirisha lisilofungika, na Mzee Lutonja, mpima maji, ambaye hakuinua kichwa niliposalimia. Alinyoosha kidole tu: nenda bomba la pale nje, leta maji ya kupima. Sikuona chombo. Nikaokota chupa ya soda, nikaisuuza mara kadhaa, nikaijaza, nikamletea kwa heshima zote. Akaitazama, akatoka nayo, akaimwaga chini ya mpapai.

"Hiyo ni kioo," akasema. "Floridi inakula kioo. Maji ya kupima floridi yanawekwa kwenye plastiki. Umesoma chuo gani, mwanangu?"

Nikamtajia.

"Hawakuwa na plastiki huko?"

Ndivyo tulivyoanza. Mzee Lutonja hakuwa mtu wa kusifu, na alikuwa na tabia ya kula karanga mbichi juu ya karatasi za vipimo, jambo lililonikera mpaka alipostaafu. Lakini kazi aliijua, na alinifundisha yale ambayo hata leo nikiona kijana anayaruka mkono unaniwasha. Bomba lifungulie kwanza, maji yatiririke, ndipo ukinge. Chupa iandike jina la mahali kabla hujaijaza, usiseme utakumbuka, hutakumbuka. Na usimwambie mwenye nyumba maji yake ni mabaya ukiwa umesimama mlangoni. Kaa kwanza, pokea kigoda, salimia mpaka salamu ziishe. Kisukuma chetu mnakijua, salamu haziishi upesi.

Niwaeleze floridi, maana najua wapo watakaosoma hapa ambao hawajawahi kushika kichupa. Ni madini yaliyomo kwenye mawe ya huku kwetu. Maji yanapokaa chini ya ardhi yanayalamba, na ukiyavuta kwa pampu unayavuta yote pamoja. Hayana rangi, hayana harufu, hayana ladha. Kidogo yanaimarisha meno. Yakizidi, meno yanakuwa ya kahawia, na watu wa huku walishayazoea wakayaita meno ya ukoo, wengine wakajivunia. Yakizidi zaidi, kwa mtoto anayekua, yanaingia kwenye mifupa, na miguu inapinda. Kipimo chetu kilikuwa rahisi: maji kidogo kwenye kichupa, unatia dawa nyekundu. Wekundu ukibaki, mshukuru Mungu. Ukipauka, floridi ipo, na kadiri unavyopauka ndivyo ilivyo nyingi.

Katika visima virefu vilivyolisha mabomba ya mji enzi hizo, kimoja kilizidi wenzake kwa floridi, nacho kililisha kona moja ya Somanda. Ofisi ilijua. Kukifunga ilikuwa na maana moja tu, watu warudi kunywa maji ya lambo moja na ng'ombe. Kwa hiyo tukasema watu wayasafishe nyumbani. Rahisi kusema!

Kwanza, nchi nzima ilikuwa imefundishwa neno moja, "chemsha". Redio inasema chemsha, mwalimu anasema chemsha, padri anasema chemsha. Nami sipingi, kuchemsha kunaua vijidudu, na kipindupindu hakina utani. Lakini floridi si kijidudu. Haina roho ya kutolewa. Mchuzi wenye chumvi ukiuacha jikoni ukakauka nusu, unakuwa na chumvi pungufu au zaidi? Maji yanapanda kama mvuke, floridi inabaki chini inakusubiri. Nimesema hivi mara nyingi kiasi kwamba mume wangu alikuwa akiyatamka usingizini.

Pili, ndipo miaka ya ruksa, ya biashara huria, ilipotufikia. Wanunuzi binafsi wa pamba walimwagika mpaka Kasoli na mizani yao, ushirika ukaanza kupepesuka, na maduka yaliyokuwa na sabuni moja kwenye rafu yakajaa vitu mpaka barazani. Vizuri, hatukupanga tena foleni ya sukari. Lakini kila mwenye meza sokoni akawa mtaalamu wa maji! Kulikuwa na shabu ya kutuliza tope, kulikuwa na vidonge visivyo na jina, kulikuwa na unga mweupe ambao mpaka leo sijui ulikuwa nini. Na kulikuwa na kijana mmoja tuliyemwita Bwana Chujio, aliyeuza ndoo zenye mshumaa wa udongo wa kuchujia ndani. Kwa tope na vijidudu ndoo zile zilikuwa kitu kizuri. Ila yeye aliapa kwamba zinatoa chumvi, kichocho na mikosi.

"Bwana wee," nikamwambia, "hizi hazitoi floridi."

"Mama, hili ni soko huria. Mteja ndiye anayejua."

"Mteja anajuaje kitu kisichoonekana?"

"Ndiyo maana ananiuliza mimi."

Ningempiga na mshumaa wake mwenyewe. Na wakati huo huo ndipo serikali ilipoanza kuwataka watu wachangie huduma ya maji. Nikifika mtaani kusema maji haya yana madini, nakutana na wazee wamekunja mikono. "Zamani yalikuwa ya bure na hamkusema ni mabaya. Leo tunayalipia, ndiyo yamekuwa mabaya?"

Sasa nije kwenye nyumba yenyewe. Nesi wa kliniki ya watoto, mwanamke mwenye macho makali, aliniambia kuna mtoto wa Somanda, Holo, binti wa miaka kama minne, miguu imeanza kupinda, na chakula anakula. "Nenda ukaangalie maji yao," akasema. Nikaenda. Ilikuwa nyumba ya nyasi, safi, uwanja umefagiwa mpaka unang'aa. Walikuwapo Mzee Masanja mwenye mji, yaani mkuu wa kaya ile, mgonjwa tayari, amelala kwenye ngozi kivulini, mkewe Bibi Nyanzobe, na mkwe wao Minza, mama wa Holo. Mume wa Minza alikuwa akizunguka na magari ya wanunuzi wa pamba, sikumwona hata mara moja. Holo alikuja kunisalimia akipiga magoti, na magoti yale yalikataa kukaa pamoja.

Jikoni palikuwa na chungu kinatokota. Nikauliza kimeanza saa ngapi. Minza akasema tangu wamalize kula.

"Mpaka sasa?"

"Nayachemsha mpaka yapungue nusu, ndiyo najua yamekufa."

Nikashika kichwa. Nikaanza somo langu, na yeye akanisikiliza kwa adabu, halafu akasema bila kunitazama: "Dada, wa kwanza alinifia kwa kuhara. Sikuchemsha. Huyu ananywa yaliyochemka mbele ya macho yangu."

Haya, mwambieni mama wa namna hiyo aache kuchemsha. Sikuthubutu. Nikatoa vichupa vyangu viwili. Kimoja nikatia maji ya bomba, wekundu ukapauka. Cha pili nikatia maji ya chungu chake, wekundu ukakimbia kabisa, yakabaki kama maji ya kuoshea kikombe cha chai. Minza alivitazama vile vichupa, akanyanyuka, akakiepua chungu. Machozi yalikuwa yanamdondoka na mikono ilikuwa inaendelea na kazi.

"Nimekuwa nampikia ugonjwa," akasema.

"Umekuwa unampikia maji. Usijiseme hivyo. Chemsha, lakini yakitokota tu, epua. Na kabla ya kuchemsha tutayachuja."

Hapo ndipo nilipoleta habari ya mifupa. Mzee Lutonja aliipata kwenye mafunzo fulani, akaijaribu nyuma ya stoo kwa mifupa ya supu yake mwenyewe. Unachoma mifupa ya ng'ombe mpaka inakuwa mkaa, unaitwanga iwe chenga kama za mahindi, unaiosha, unaijaza kwenye ndoo iliyotobolewa, unapitisha maji. Inanasa floridi. Nilipomuuliza kwa nini, alitafuna karanga zake akasema: "Mfupa unaipenda floridi, ndiyo maana inakimbilia miguu ya mtoto. Mpe mfupa mwingine, ikutane na huo kwanza."

Nikamweleza Bibi Nyanzobe, maana jikoni Minza alitawala lakini mji ulikuwa wa bibi. Alikuwa mwanamke mdogo, mkavu, macho mekundu kwa moshi wa samadi kavu aliyopikia miaka mingi.

"Mifupa ya nani?" akauliza.

"Ya ng'ombe, bibi. Nitawachukulia buchani."

"Nimekuuliza ya nani."

"Sasa bibi, ng'ombe wa buchani nitamjulia wapi jina?"

"Basi isiingie hapa."

Wala hakuongeza neno. Nilirudi tena, jibu ni lile lile. Nilirudi na Mzee Lutonja, akakaa, akasalimia, akanywa uji, akarudi na jibu lile lile. Njiani nililalamika mpaka sauti ikakauka. Miguu ya mtoto inapinda, dawa ipo, ni mifupa inayotupwa na kuliwa na mbwa, halafu mtu anataka kujua jina la ng'ombe!

Kiangazi hicho Mzee Masanja akafariki. Kwenye matanga wakachinja dume lake, kubwa, mtaa mzima ukala. Nilikwenda kuhani, na kabla sijafungua mdomo Minza akanivuta pembeni. "Bibi anasema mifupa imepatikana. Uje uichome hapa, watu wakiwa bado wapo."

Sikuuliza. Nilishukuru tu. Tuliijaza kwenye debe lenye mfuniko, tukalikandika udongo likabaki tundu dogo la kutolea moshi, tukalizungushia miti ya pamba iliyong'olewa mashambani, tukawasha. Waombolezaji wakasogeza viti wakatazama, wengine wakinielekeza kana kwamba wamezaliwa wakifanya kazi hiyo. Siri ni mbili. Hewa isiingie, na usifungue debe likiwa la moto. Ukiwa na haraka, mifupa inaungua inakuwa myeupe kama chokaa, haifai. Ukiwahi kuzima, inabaki kahawia na maji yananuka mzoga. Unataka nyeusi inayoelekea kijivu. Ile ya dume la Mzee Masanja ilitoka safi kabisa. Maji yalipopita kwenye ndoo nikapima, wekundu ukabaki umekaa kama damu. Nilirudi ofisini naimba, na mimi siimbi.

Nikawaambia wazi: mifupa inachoka. Baada ya miezi kadhaa ibadilishwe, nitakuja kupima. Wakaitikia. Halafu mvua ikanyesha, gari la ofisi likakosa tairi, tairi lilipopatikana likakosa mafuta, mafuta yalipopatikana gari likaenda kumpokea mgeni wa mkoa. Mnajua hadithi hiyo, haijabadilika. Nilipofika tena Somanda, kwa miguu, pamba ilikuwa imeshaota. Minza alikuwa mjamzito. Holo alikuja kunisalimia, na nilimwona kwa mbali kwamba mwendo umeharibika zaidi.

Nikapima. Wekundu ukakimbia.

"Mlibadilisha lini mifupa?"

Nikafunua ndoo. Ilikuwa ile ile! Mifupa ya dume la matanga, imesuuzwa vizuri, imepangwa vizuri, imechoka kama mimi.

Hapo nililipuka, siwafichi. "Jamani, mnataka nini? Kwanza mlikataa kuchuja kwa mifupa. Mmekubali, sasa mnakataa kuitupa! Mtoto huyu miguu yake mnaiona au hamuioni? Na huyo aliye tumboni?"

Minza akainama. Bibi Nyanzobe alikuwa ameketi mlangoni anapepeta mtama. Akaweka ungo chini.

"Mwanangu, sogea. Nitazame macho."

Nikasogea, bado nahema.

"Ni ya rangi gani?"

Nikayatazama, mekundu kama siku zote.

"Dume la mzee wangu kila mtu hapa aliila nyama yake. Mifupa yake wanaijua, wengine waliitafuna kwa meno yao. Ndiyo maana nilikuruhusu uichome mbele yao. Sasa unataka mimi, ajuza, mjane, mwenye macho haya, nijaze gunia la mifupa isiyo na mwenyewe, niipike kwenye chungu kilichozibwa, harufu ifike kwa jirani. Kesho mtoto wa mtu akiugua, nani atafika hapa kwanza? Wewe na kichupa chako, au wenye mapanga?" Akainua ungo wake. "Na hii nyeusi niitupe wapi? Ikikutwa kwenye shamba la mtu?"

Ninyi ni vijana, lakini mmesikia mambo ya miaka ile. Vikongwe walikuwa wanauawa usukumani kwa sababu ya macho mekundu, basi, hakuna zaidi. Neno likishatoka kwamba fulani yumo kwenye balogi, wachawi, hakukuwa na mahali pa kukata rufaa. Bibi Nyanzobe hakuwa mbishi. Alikuwa amepiga hesabu zake zote, upande mmoja miguu ya mjukuu, upande wa pili shingo yake.

Nikaenda kwa mkuu wangu wa kazi. Nikamwomba tuchome mifupa kwenye uwanja wa ofisi, tugawe mkaa kwa nyumba za kona ile, bibi wa watu asijihusishe.

"Unataka ofisi ya maji ionekane inachoma mifupa?"

"Ndiyo."

"Tutaliweka kwenye mpango wa mwaka ujao."

"Mkuu, mtoto anakua mwaka huu."

"Waambie wakinge ya mvua."

Nyumba ya nyasi! Unakinga nini kwenye paa la nyasi, na mvua zenyewe zimekatika? Nilitoka bila kufunga mlango.

Niliporudi Somanda nikakuta wamejitafutia. Minza akanionyesha mfuko, anatabasamu. "Tumenunua mkaa wa mifupa uliochomwa tayari. Bwana Chujio analeta." Kumbe yule bwana alisikia habari, na kwa kuwa ni ruksa, ameanzisha bidhaa. Nikatia mkono kwenye mfuko, nikasugua kati ya vidole. Nikapima maji yaliyochujwa nao mbele yao, wekundu ukakimbia vile vile. Nikaubeba mfuko mpaka sokoni.

"Huu ni mkaa wa miti!"

"Mkaa ni mkaa, mama."

"Umeandika 'mifupa'!"

"Ningeandika 'mkaa' nani angeununua?"

Watu wakacheka. Mimi pia ningecheka kama nisingekuwa nimetoka kumwona Holo akishuka kizingiti kwa kushikilia ukuta. Siku hiyo nilifika nyumbani nikamwambia mume wangu naacha kazi. Akasema vizuri, kesho tutalima pamoja. Kesho yake nikaenda kazini.

Haikupita wiki, ukaja ujumbe kutoka kwa Bibi Nyanzobe: njoo Jumamosi saa sita, vaa koti lako jeupe la kazi. Nikajua nimeitwa kwenye ugomvi. Nilipokaribia niliona moshi, na haukutoka uani. Ulitoka njia panda mbele ya nyumba, pale wanapopita wote waendao sokoni na hospitali. Debe limezibwa udongo, miti ya pamba inawaka, na bibi ameketi kwenye kigoda kando yake, amejifunga kanga mpya, Holo amesimama kando ya bega lake. Minza akaninong'oneza kwamba asubuhi bibi alikwenda buchani mwenyewe, kwa miguu, katikati ya mji, akimshika Holo mkono. Akaomba mifupa kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. Akaibeba kichwani bila gunia, kwenye beseni wazi.

Na sasa alikuwa anaita watu. Kila aliyepita, kwa jina lake.

"Mwadila, mayu, za mchana mama! Mbona unapita mbali? Njoo uone ninachochoma. Mifupa ya ng'ombe, ya buchani, muulize mwenye bucha. Ni ya kuchujia maji. Maji ya bomba letu yanapinda miguu, mtazame huyu. Simama, mjukuu wangu, wakuone." Na Holo anasimama, mtoto wa watu, anatazama chini.

Mwanaume mmoja mwenye baiskeli akasimama. Hakutabasamu. "Bibi, mambo gani haya mchana kweupe?"

"Ndiyo, mchana kweupe," akajibu Bibi Nyanzobe. "Wewe ungependa niyafanye usiku?"

Yule mwanaume akatazama debe, akamtazama mtoto, akanitazama mimi na koti langu. Sijawahi kuogopa hivyo katika kazi yangu yote. Bibi akasukuma mti mwingine wa pamba motoni.

"Kaa, mwanangu," akaniambia bila kugeuka. "Usiende popote. Wakiuliza, serikali iko hapa."

Nikakaa chini, kwenye vumbi, na koti langu jeupe. Nikatoa vichupa nikaanza kupima, maji ya bomba huku, maji yaliyochujwa kwa mkaa wa mifupa wa majaribio niliokuja nao kutoka kwa Mzee Lutonja huku, na kila aliyetaka kutazama akatazama. Mwenye baiskeli aliniuliza maswali mengi, mengine ya kijinga, nikayajibu yote, mpaka lile la kuchemsha mara mbili. Mwishowe akauliza kama meno ya kahawia ya mwanawe nayo ni maji hayo hayo. Nikasema ndiyo. Akalaza baiskeli chini, akakaa.

Jua lilikuwa kali, moshi unanuka, nami nilinung'unika mchana kutwa kwa sababu kila mtu alitaka tufungue debe kabla halijapoa. Hatukufungua. Alasiri jirani mmoja mwanamke akaja na beseni la mifupa yake, akaliweka kando ya kigoda cha bibi bila kusema kitu. Akaja mwingine. Debe lilipopoa tukabandua udongo, na mifupa ilikuwa nyeusi inayoelekea kijivu. Bibi Nyanzobe akauliza ile ya zamani iliyochoka itupwe wapi, akauliza kwa sauti, kila mtu asikie. Wakakubaliana pale pale ifukiwe njia panda hiyo hiyo, wakiona wote.

Tangu siku hiyo kona ile ya Somanda ilichoma mifupa yake pale, mchana, zamu kwa zamu, mpaka mji ulipopata maji mengine na kisima kile kikapumzishwa. Mkuu wangu wa kazi alikuja kupiga picha.

Miguu ya Holo haikunyooka. Sitawadanganya, mfupa uliokwisha kupinda hauombwi radhi. Iliishia pale ilipofika, Holo ni fundi cherehani sasa, anatembea kwa kuyumba na ana mdomo kuliko bibi yake. Mdogo wake, yule aliyekuwa tumboni, ana miguu kama mitarimbo. Na Bibi Nyanzobe aliishi miaka mingi baada ya hapo, macho yake yakizidi kuwa mekundu, akiwaita wapita njia kwa majina. Alikufa kwa uzee, mchana, kitandani kwake, mlango ukiwa wazi.